Baridi ya Newala Haingoji Pesa za Korosho

Na Mwandishi Wetu

Msafiri anayeondoka mjini Masasi alasiri ya mwezi wa Juni, amevaa shati la mikono mifupi, hana habari ya kinachomngoja mbele. Mji wa Masasi umekaa chini, umezungukwa na vilima vya mawe ya kijivu ambayo hulinyonya jua mchana kutwa na kulirudisha polepole hadi usiku. Lakini gari likishaupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde na kuingia Newala, mambo hubadilika. Upepo wa kusi huvuma bila kizuizi, na alfajiri ukungu huwa mzito kiasi kwamba aliyesimama Shimo la Mungu, pale ambapo ardhi hukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, haoni bonde wala mto. Huona weupe mtupu.

Tangu Juni hadi Agosti watoto wa huko huenda shuleni wamejitanda kanga za mama zao mabegani, na wazee hawatoki penye moto mpaka jua liwe limepanda sawasawa. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba mkoani Mtwara kuna mahali watu hutetemeka kwa baridi, hucheka. Hajalala huko.

Mimi nililijua jambo hili mapema, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Newala, na kila likizo ya katikati ya mwaka nilipelekwa kwake. Kitandani mwake palikuwa na mfarishi, yaani tandiko la kujifunika lililoshonwa kwa tabaka mbili, na wote tuliofika tuliugombea. Ulikuwa wa viraka vya fulaneli: suruali ya kulalia ya babu, mashati ya wajomba yaliyochakaa viwiko, na katikati kipande cha gauni alilovaa mama yangu alipokuwa mtoto, chenye vimaua vya rangi ya waridi ambavyo kwa kufuliwa vilikuwa vimebaki kama kivuli tu. Katika pembe moja palikuwa na kiraka cha khaki kisichofanana na vingine vyote. Habari za kiraka hicho nitazieleza baadaye.

FULANA NA FULANELI

Neno fulaneli huenda likawa geni kwa baadhi ya wasomaji, lakini ndugu yake tunaye nyumbani kila siku. Fulana tunayoivaa ndani ya shati imepata jina lake kutokana na kitambaa hicho hicho, ingawa fulana za siku hizi hazina tena uhusiano nacho. Jina lilibaki, kitambaa kikabadilika. Mambo ya namna hiyo ni ya kawaida katika biashara ya nguo; hata ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi tunayoiita marekani ilipewa jina hilo kwa sababu hapo zamani ilitoka Marekani, na jina halikuondoka hata ilipoanza kufumwa kwingineko.

Kwa asili fulaneli ilikuwa nguo ya sufu ya kondoo, na nchi iliyosifika kwayo ni Wales, huko Uingereza. Baadaye, katika karne ya 19, viwanda vikaanza kuifuma kwa pamba, kwa kuwa pamba ilikuwa rahisi kuliko sufu. Hiyo ya pamba ndiyo tunayoikuta sokoni kwetu. Kinachoitofautisha na nguo nyingine ya pamba ni kwamba, baada ya kufumwa, hupitishwa kwenye mashine yenye brashi za nyaya ndogo ndogo ambazo huzivuta nyuzi na kuzisimamisha. Ukiitazama dhidi ya mwanga utaona malaika, kama yale yaliyo juu ya mkono wa mtoto mchanga. Katika malaika hayo hewa hukwama, na hewa iliyokwama ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Basi usidhani kwamba uzito wa nguo ndio unaoleta joto. Shuka mbili nyembamba za fulaneli zilizoshikana humpa mtu joto kuliko turubai zito.

Hapana budi niseme pia kwamba malaika hayo hayo yana hatari yake, nayo si ndogo.

PESA NA BARIDI HAVIKUTANI

Mtu atauliza: kwa nini mtu wa Newala ajisumbue kushona, wakati blanketi lipo dukani? Swali hilo lina haki, na jibu lake limo katika kalenda.

Katika wilaya za Masasi na Newala mapato makubwa ya kaya nyingi hutokana na korosho. Zao hilo huvunwa na kuuzwa kuanzia Oktoba, na kwa kawaida msimu huisha Januari. Tangu mwaka 2007, utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara, mkulima huipeleka korosho katika chama cha msingi, nayo huuzwa kwa mnada, kisha yeye hulipwa. Wakati huo ndipo bati hununuliwa, madeni hulipwa, mahari hutolewa na watoto hununuliwa sare za shule. Ni miezi ya joto. Nani atakumbuka blanketi mwezi wa Desemba, jasho likimtiririka?

Ifikapo Juni baridi imeingia, na pesa zimekwisha kuwa bati, sare na deni lililolipwa. Na korosho zenyewe hazina ahadi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya takribani tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kiasi cha tani 17,000. Aliyekuwa amezoea kununua nguo kwa korosho alijifunza kwa uchungu kwamba hawezi kuutegemea mti mmoja.

Miaka hiyo nguo nazo zilikuwa adimu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, maduka ya vijiji yakawa na rafu tupu, na watu walipanga foleni kwa ajili ya doti moja ya kanga. Ilipofika 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yakalegezwa, na nguo zilizovaliwa ng'ambo, ambazo wengine waliziita kafa Ulaya na sasa sote tunaziita mitumba, zikaanza kuonekana kwa wingi hata katika magulio ya kusini. Ndani ya marobota hayo ndimo fulaneli ilimokuja: mashati mazito ya mirabaraba ya watu wanaofanya kazi kwenye theluji, suruali za kulalia, shuka za vitanda, na vinguo vya watoto. Mashati hayo hayapendwi sana Masasi, kwa kuwa ni mazito mno kwa jua la pale. Muuzaji huyaacha chini ya rundo na kuyatoa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo mwenye akili anapoinama.

Mfarishi, basi, ni njia ya kuichukua pesa kidogo ya Desemba na kuivusha hadi Julai. Ukinunua shati moja kila gulio kati ya Novemba na Februari, pesa yake haitaonekana katika hesabu ya nyumba. Ukingoja Juni ununue blanketi kwa mkupuo, itaonekana.

TATIZO LA MAJI

Vitabu vya ushonaji vya ng'ambo husema mfarishi uwe na tabaka tatu: juu, bitana chini, na katikati pamba au kitu kingine cha kujazia. Kwa watu wa uwanda wa juu wa Makonde mimi nathubutu kupinga ushauri huo.

Udongo wa uwanda ule ni wa kichanga na huyanywa maji yote ya mvua. Hakuna mto unaopita juu yake. Kabla ya mradi wa maji uliojengwa miaka ya 1950, akina mama walishuka ng'enje hadi chini kwenye chemchemi na kupanda tena na mitungi kichwani, kazi ya nusu ya siku. Mabomba yaliipunguza dhiki hiyo lakini hayakuimaliza, na hadi leo nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kisima kile ndicho benki ya nyumba. Katika Agosti, mwenye nyumba huhesabu ndoo kama mtu anayehesabu noti.

Mfarishi uliojazwa pamba au sufi huyanywa maji kama udongo ule. Sufi, ile ya mtini tunayojazia mito, haifai kabisa: ikifuliwa hujikusanya madonge, katikati hubaki shimo na pembeni kichuguu, tena ni nyepesi sana kushika moto. Fulaneli mbili peke yake, bila kitu katikati, hutosha. Hufulika kwa maji machache, huanikwa ikakauka siku moja hata jua likiwa hafifu, na mtoto akiikojolea, jambo ambalo hapana budi litokee, si msiba.

Maji hayo pia ndiyo yanayoamua lini ushone. Fulaneli ya pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo sharti ifuliwe kabla ya kukatwa. Nilipojaribu kushona mfarishi wangu wa kwanza nilikuwa na haraka na sikuifua. Niliunganisha vipande vya shati jipya na vya suruali ya zamani, nikapiga pasi, ukapendeza, nikauonyesha kwa majirani. Ulipofuliwa mara ya kwanza vipande vipya vilinywea na vya zamani vikabaki vilivyo, ukawa umejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Juu ya hayo, kipande chekundu kilichuja na kuvitia vyeupe rangi ya damu ya mzee. Fua nguo zako mwezi wa Machi au Aprili, kisima kikiwa kimejaa na mvua bado inanyesha. Nyekundu na buluu nzito ziloweke peke yake mpaka maji yatoke safi.

KUKATA NA KUSHONA

Kwanza ujue ulichonacho mkononi. Mashati mengi ya mitumba yenye sura ya fulaneli si pamba tupu. Chomoa uzi kwenye upindo, ushike kwa kibanio, uuwashe mbali na nguo nyingine. Uzi wa pamba huungua ukanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Ule wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Nguo inayoyeyuka usiiweke kwenye mfarishi wa mtoto, maana ikishika moto hugandamana na ngozi.

Kata karatasi ngumu ya boksi yenye mraba wa inchi 9. Hiyo ndiyo kipimo chako. Kwa mfarishi wa mtoto wa shule, vipande 48 vinatosha: 6 kwa upana na 8 kwa urefu. Vipande vidogo zaidi ya hapo havifai kwa fulaneli, kwa kuwa kitambaa ni kinene na mishono mingi hufanya mfarishi uwe mgumu kama mkeka. Acha nusu inchi ya mshono kila upande, wala usiige robo inchi ya watu wanaoshona nguo nyembamba, maana fulaneli hufumuka ukingoni. Ukimaliza utapata mfarishi wa karibu futi 4 kwa futi 5 na inchi 4.

Shati moja kubwa la mwanamume, ukiacha kola, viwiko na mahali pa vifungo, hutoa vipande vinane hivi. Kwa hesabu hiyo mashati sita yanatosha. Anayenunua kitambaa kipya cha upana wa inchi 36 asidanganyike kwamba atapata vipande vinne kwa upana. Kikishafuliwa huenda kikarudi inchi 34, na hapo ni vitatu tu. Anunue yadi 4 na nusu. Ule ukanda mwembamba unaobaki usitupwe.

Kata ukifuata nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, kamwe si mshazari, kwa kuwa fulaneli ikikatwa mshazari huvutika na mraba wako utakuwa ua la mwenda wazimu. Malaika yote yaelekee upande mmoja. Pitisha kiganja na utajua wapi yanalala. Viunge vipande mstari kwa mstari, kisha uiunganishe mistari. Fungua kila mshono na uulaze kwa pasi ya mkaa iliyopungua moto.

Mwenye cherehani atumie sindano namba 16 na mshono mrefu kidogo, kama nane kwa inchi. Fulaneli hutelezeana na kusukumana chini ya mguu wa cherehani, hivyo usione haya kupiga bandi kwanza kama tulivyofundishwa katika somo la sayansikimu. Kila ukimaliza bobini mbili, fungua chini ya cherehani uondoe lile vumbi la pamba kwa unyoya wa kuku na utie tone la mafuta. Mafundi wengi wa barazani huikataa kazi ya fulaneli kwa sababu ya vumbi hilo, na si uvivu. Likiachwa huiziba cherehani, na cherehani ndiyo shamba la fundi.

Bitana iwe kitambaa kimoja kizima kilichofuliwa, nacho kizuri kuliko vyote ni shuka ya kitanda ya fulaneli ya mtumba. Ukikosa, tumia marekani. Weka uso kwa uso, shona pande tatu na sehemu ya nne, geuza ndani nje kama foronya, umalizie kwa mkono. Kisha tabaka mbili zishikamanishwe zisiteleze: katika kila njia panda ya vipande, piga uzi mnene mara mbili na ufunge fundo. Njia panda za ndani ni 35. Ni kazi ya jioni mbili, na mtoto wa miaka kumi aliyepewa subana kidoleni anaweza kuifanya akisimuliwa hadithi.

BILA CHEREHANI

Si kila nyumba ina cherehani, wala si kila mtu ana pesa ya fundi. Kwa huyo kuna namna nyingine, ya mkono mtupu, na wanaoijua zaidi ni watu walio mbali nasi kwa bahari lakini si kwa damu.

Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wanaishi watu waitwao Wasiddi. Wazee wao walikuwa Waafrika, na wengi wao walichukuliwa utumwani na Wareno kutoka pwani yetu ya mashariki, hasa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, wakapelekwa Goa. Baadhi walitoroka wakajificha misituni, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Akina mama wa Kisiddi hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Sitadai kwamba walitoka nayo kwetu, kwa kuwa India nayo ina mifarishi ya viraka ya tangu kale. Lakini ufundi wao unafaa sana kwa mtu mwenye sindano moja.

Hawakati miraba wala hawaunganishi uso wa juu kwanza. Hutandaza nguo kubwa chini, kwa kawaida sari ya zamani, ndiyo bitana. Huanza pembeni: huweka kiraka, hukunja ukingo wake ndani, na kukishona moja kwa moja juu ya bitana kwa mshono wa kwenda mbele. Kisha kiraka kingine kando yake, wakizunguka mfarishi wote na kuingia polepole kuelekea katikati, mpaka nafasi ya mwisho ijazwe. Viraka huwa vya ukubwa wowote, na mshono unaoviunganisha ndio huo huo unaoshikamanisha tabaka. Hakuna bandi, hakuna kugeuza, hakuna fundo. Pembe nne humaliziwa kwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu wanavyoviita maua, na kwa maoni yao mfarishi usio nayo haujavikwa nguo.

Mwenye fulaneli ya vipande vidogo vidogo visivyotosha mraba wa inchi 9 aifuate njia hiyo. Itamchukua wiki kadhaa, lakini uzi ni mchache na taka hakuna.

KIRAKA CHA KHAKI

Sasa nirudi kwenye mfarishi wa bibi.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Ilikuwa Julai, usiku, na binamu yangu aliyekuwa darasa la sita alikuwa akisoma kitandani, miguu ameifunika, koroboi ikiwa juu ya kigoda kando yake. Alipojigeuza pembe ya mfarishi ikagusa utambi. Watu hudhani nguo huanza kuungua taratibu, kama sigara. Sivyo ilivyo kwa fulaneli. Mwali ulikimbia juu ya yale malaika kama moto wa nyika mwezi wa Septemba, ukawa umefika magotini kwake kabla hajapiga kelele. Bibi aliuvuta mfarishi akauangusha kwenye sakafu ya udongo, akaukunja kwa ndani na kuukanyaga kwa miguu mitupu. Kisha akachukua ndoo. Ilikuwa ndoo ya mwisho, ya chai na uji wa asubuhi, nayo ilikuwa imehesabiwa. Aliimimina kikombe kwa kikombe juu ya mguu wa kijana, bila haraka, mpaka ikaisha, huku jirani aliyekuwa ameingia akisisitiza apakwe mafuta, naye akikataa.

Asubuhi hatukunywa chai. Binamu yangu ana kovu lenye ukubwa wa jani la mkorosho chini ya goti, na daktari aliyemtazama siku ile alisema lingekuwa kubwa zaidi kama si yale maji.

Jambo hili halikuanzia Newala. Fulaneli ya pamba ilipoenea Uingereza, watoto wengi waliungua ndani ya nguo zao za kulalia, hata bunge la huko likapitisha sheria mwaka 1913 ya kuwazuia wafanyabiashara wasidai kwamba kitambaa hakishiki moto ilhali hakijafikia kipimo kilichowekwa. Mitumba haiji na karatasi ya maelezo. Kwa hiyo mshonaji mwenyewe ndiye mkaguzi.

Bibi hakuutupa mfarishi. Aliikata pembe iliyoungua, akatia kiraka kutoka suruali ya kazi ya babu, na mwaka uliofuata akauzungushia wote ukanda wa khaki wa upana wa vidole vinne. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ukingo ndio unaogusa vitu. Leo ninaelewa kwamba alikuwa na hoja: khaki nayo huungua, lakini imefumwa kwa kubana na haina malaika, hivyo moto ukiigusa haukimbii juu yake, na mtu hupata nafasi ya kuuona. Ule ukanda wa fulaneli unaobaki usiuweke ukingoni, basi, utumie ndani.

Taa za jua na nguzo za umeme vimepunguza koroboi, jambo la kushukuru. Lakini bado wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Acheni jambo hilo. Mbali na mfarishi kushika moto, hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa wamelala, wala haina harufu ya kuwaonya. Nyumba iliyo na mfarishi haihitaji jiko chumbani. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza. Na mtu akiungua, poza mahali palipoungua kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

MTOTO MCHANGA

Wapo akina mama watakaosoma makala haya wakiwa wajawazito, na wanaotarajia kujifungua kati ya Juni na Agosti wana haki ya kuuliza kama mfarishi huu unamfaa mchanga. Fulaneli ndiyo nguo nzuri kuliko zote ya kumkaushia na kumfungia mtoto aliyezaliwa sasa hivi, mradi iwe imefuliwa na kuanikwa juani. Lakini mfarishi mzima, ukiachwa legelege kitandani, unaweza kumfunika uso. Kwa wiki za kwanza joto lililo bora ni la kifua cha mama: mtoto akaushwe vizuri, avalishwe kofia, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto njiti, na sasa hufundishwa katika wodi zetu za wazazi. Kwa hiyo anayefunikwa mfarishi ni mama, mabegani na mgongoni, uso wa mtoto ukiwa wazi.

Mfarishi wa bibi sasa uko Masasi kwa dada yangu. Kule chini hauna kazi kubwa, hukaa juu ya kabati umekunjwa ndani ya kanga, na mimi nikipita kwenda Newala mwezi wa Julai huuchukua nikaurudisha wakati wa kushuka. Mwaka huu niliukuta una mahali pawili palipofumuka, karibu na lile ua la gauni la mama. Dada yangu ameshaweka kando shati la mumewe.